Picha ya Kwenda Pangani

Kwa Bi Mardhiya, pale Dunda, mwanamume asiye wa nyumba ile aliruhusiwa kufika ukumbini tu, tena ruhusa yenyewe ilitolewa shingo upande, na ilitolewa kwa sababu ya kiza. Marehemu mumewe alikuwa mfanyabiashara wa mbata, akajenga nyuma ya ukumbi ghala lisilo na dirisha wala tundu. Mbata zilikwisha, mwenyewe akatangulia mbele ya haki, ghala likabaki na masanduku ya nguo, harufu ya nazi kavu, na kiza ambacho nyumba nyingine yoyote ya Bagamoyo haikuwa nacho. Na mtu anayesafisha picha mwenyewe, mwaka ule wa sabini na mbili, bila kiza hana picha.

Ndipo wale watu watatu wakaja kupiga hodi. Hawakuwa wapiga picha wa dukani, wenye kibao mlangoni na pazia lililochorwa maua. Hawa walipiga kwa raha yao tu: walichanga wakanunua mkanda na dawa, kisha wakaonyeshana walichopata na kufundishana walichokosea. Mkubwa wao alikuwa Mzee Mosi, karani mstaafu mwenye kamera kuukuu na wajukuu wasiokwisha. Wa pili Pazi, dereva wa lori wa njia ya Msata, mtu ambaye kukaa kimya kwake ni ugonjwa. Wa tatu Alawi, fundi saa, kijana wa Kaole, mtoto wa wakulima, mpole, mzito wa kusema hadi watu wakamdhania ana maringo.

Bi Mardhiya aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawapa sharti. Ghalani mna masanduku ya ukoo wake, na mwanamume hatii mguu. Wakitaka kiza, binti yake Mwanahija ataingia yeye, nao watakaa nje wamfundishe kwa mdomo.

Hivyo ndivyo Mwanahija, msichana wa miaka ishirini ambaye hadi siku hiyo kamera aliiona kwenye harusi za watu, alivyojifunza kazi. Aliingia, akafunga mlango, akaziba chini kwa mkeka uliokunjwa. Nje Alawi aliketi na saa mkononi, akimwelekeza: tia mkanda kwenye bakuli la kwanza, upandishe na kuushusha, usiupumzishe. Kisha kimya. Wakati ukitimia, Alawi husema, "Sasa," na Mwanahija huutoa mkanda na kuuhamishia kwenye bakuli la pili, lenye dawa ya kukazia. Kati yao palikuwa na ubao wa mlango, na mbele ya mlango palikuwa na Bi Mardhiya mwenyewe juu ya kigoda, anashona kofia, kichwa kimeinama, haingilii.

Mwaka ukapita hivyo. Anayesema mapenzi hayawezi kuota kwa neno moja kama hilo, huyo hajawahi kukaa kizani akilisubiri. Alawi akiwa na mafua, Mwanahija alijua. Akiwa na njaa, alijua. Akiwa na furaha, alijua, yote kwa ile "sasa" yake. Asichokijua ndicho kilichomkosesha raha, nacho ni kama kule nje pana moyo unaomngoja au pana fundi tu anayetazama saa. Alawi hakuwahi kumtamkia lolote. Wakikutana ukumbini alimwamkia mama kwa adabu, akamsalimia binti huku akitazama vidole vya miguu yake mwenyewe, basi, imetoka.

Jumamosi moja baada ya alasiri walitandika jamvi kama kawaida wakapanga picha zao za wiki. Mzee Mosi alikuwa na kanuni yake ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Picha ikiwekwa, mwenyewe hunyamaza. Wenzake huisoma: kwanza mwanga umetoka wapi, pili mpigaji alikaaje, na mwisho kabisa moyoni mwake mlikuwa na nini. Ndipo mwenyewe husema ukweli, na mara nyingi watu hucheka.

Walianza na picha ya Mwanahija, ambaye siku hizo aliazimwa kamera ya Alawi kwa zamu na kupiga vya nyumbani kwao. Ilikuwa ndoo mbili za maji kwenye kivuli cha ukuta. Pazi alisema yeye anaona ndoo. Mzee Mosi akamwambia atazame kama mtu mzima: jua ni la asubuhi, linaingia kwa ubavu, na mpigaji amelala kifudifudi chini, maana maji yamekuwa uzi mmoja unaong'aa. Alawi aliikodolea macho muda mrefu.

"Aliyepiga picha hii hakuwa na haraka ya kwenda popote," alisema.

Mwanahija, aliyekaa karibu na mama yake na ukaya wake kichwani, aliyapokea maneno hayo akayaficha moyoni kama mtu anayeficha dhahabu.

Ikafuata picha ya Pazi, mwanamke muuza machungwa kwenye kituo cha Msata, mzuri, ana tabasamu, lakini macho yake yamekwenda juu kidogo. Kosa hilo walilijua wote. Kamera zao zilikuwa za kushikwa kifuani. Mpigaji huinama kutazama kwenye kioo kilicho juu yake, kisha huinua kichwa na kubonyeza. Anayepigwa akilitazama jicho la kamera, picha itamtazama kila atakayeishika. Akijisahau akamtazama mpigaji usoni, macho huelekea juu, na picha inakuwa ya watu wawili peke yao. Wajukuu wa Mzee Mosi karibu wote walitazama juu namna hiyo, kwa kuwa walikuwa wanamtazama babu yao. Mzee Mosi akamuuliza Pazi huyu mama wa machungwa alikuwa anamtazamia nini kwa tabasamu lile. Pazi akaapa kwamba alinunua machungwa tu. Wakacheka, hata Alawi akacheka, mpaka Bi Mardhiya alipokohoa.

Kikohozi kile hakikuwa cha kuwanyamazisha tu. Bi Mardhiya aliweka kofia pajani, akasema ana haja nao. Ndugu yake Mtoro, aliyeko Pangani, ameleta habari ya posa ya Mwanahija. Ni kwa mwana wa Bi Sihaba, watu wenye maduka na nasaba, hawana doa. Kijana mwenyewe yuko Mwanza kwa biashara, na wazee wake wanataka picha ya binti wampelekee; akiridhika, mambo yaanze. Dukani hataki kumpeleka, maana picha za dukani hubandikwa ukutani, kila mpita njia akazitia macho.

"Nyinyi mmekuwa watu wa nyumbani," alisema. "Alawi, mkono wako umetulia. Utampiga wewe."

Pazi, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakuwa na neno. Mzee Mosi alianza kukusanya picha kabla ya wakati wake. Mwanahija aliinua uso akamtazama Alawi waziwazi, akasahau kama mama yupo, akangoja. Hakutaka mengi. Aseme ana kazi nyingi, aseme kamera imeharibika, aseme lolote lenye harufu ya kukataa.

"Inshallah, Bi Mardhiya," alisema Alawi. "Kesho asubuhi, kabla jua halijakuwa kali."

Utadhani ameombwa aje atazame saa ya ukutani. Mwanahija aliondoka pale akaenda jikoni, akajishughulisha na sufuria zilizokwisha kuoshwa, na machozi yake akayasingizia moshi.

* * *

Asubuhi yake Alawi alikuja mapema, akapewa ruhusa ya kupita ukumbini hadi uani, kwa siku hiyo tu. Mwanahija alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na ukuta, amevaa gauni la hariri la kijani, vipuli vya bibi yake masikioni, ukaya mweupe mabegani. Uso ameukunja. Alawi aliuona, akajitia hakuuona.

Jua lilimpiga Mwanahija upande mmoja, upande wa pili ukabaki na kivuli. Alawi aliomba sinia kubwa, lile la kulia wali wakija wageni, akamkabidhi Bi Mardhiya na kumwomba alisimamishe upande wa kivuli, liupokee mwanga na kuurudisha usoni kwa binti. Bi Mardhiya hakuzoea kupangiwa kazi uani kwake. Lakini alipolipinda sinia na kuuona uso wa mwanawe ukichangamka kwa nuru, alivutiwa, akalishika vizuri.

"Pandisha kidogo, mama," alisema Alawi. "Hapo hapo."

Akapiga magoti mchangani, kamera kifuani. Alimwambia Mwanahija atazame kamera, Mwanahija akaitazama kama anayepigwa picha ya pasi ya kusafiria. Akabonyeza. Picha ya kwanza ikawa tayari, sahihi, haina kasoro, haina mtu ndani.

Mara ikasikika hodi mlangoni. Alikuwa Mize, jirani yao, amekuja kurudisha mbuzi ya kukunia nazi, na Mize hajawahi kurudisha kitu bila kukisindikiza na habari. Bi Mardhiya alisita, akawatazama hawa wawili, akaona mlango wa ua uko wazi na sauti yake inafika. Akaliegemeza sinia ukutani akaenda.

"Umekubali upesi," alisema Mwanahija kwa sauti ya chini.

Alawi aliendelea kuzungusha kitasa cha mkanda ingawa kilikuwa kimekwisha kukaza. "Ningesema nini?"

"Ungesema hapana."

"Nikiwa nani wako? Mimi ni fundi saa, Mwanahija. Baba yangu analima mihogo Kaole. Ningekataa, mama yako angeniuliza sababu, na sababu yangu ingenifukuzisha nyumba hii siku hiyo hiyo."

"Kumbe unayo sababu."

Kule ukumbini Mize alikuwa amefika kwenye ugonjwa wa shemeji yake, ambao ulikuwa mrefu.

"Mwaka mzima nakusikia bila kukuona," alisema Alawi, na safari hii hakutazama vidole vyake. "Unapomimina maji nakusikia. Ukikosea ukacheka peke yako humo ndani, nakusikia. Nikikuona, adabu inanishusha macho. Jana mama yako aliponiambia nikupige picha, nilijua picha yenyewe inakwenda kwa mtu mwingine, nikakubali hivyo hivyo. Sikuwa na ruhusa nyingine ya kukutazama usoni. Nilitaka nikutazame mara moja tu, mchana kweupe, halafu basi."

Mwanahija alitaka kulia, akataka kucheka, na zaidi alitaka kumpiga kwa lile sinia. Mwaka mzima alikuwa akijiuliza, na kumbe huyu naye alikuwa ng'ambo ya mlango akiumia vilevile, adabu imemfunga kinywa. Furaha ilimjia pamoja na hasira, kisha uchungu ukavipita vyote viwili, kwa sababu jibu amelipata siku ambayo picha yake inapelekwa Pangani.

"Ungeniambia mapema," alisema.

"Ningekuambia wapi? Mlangoni, na mama amekaa katikati?"

Makubadhi ya Bi Mardhiya yakasikika yakirudi. Alilichukua sinia lake akalisimamisha bila kuulizwa, akiwa amejua mahali pake. Alawi alieleza kwamba atapiga nyingine ya akiba, maana mkanda ni kitu cha kubahatisha.

"Tazama kamera," alimwambia Mwanahija, na sauti yake haikutulia kama siku zote.

Aliinama kwenye kioo, akainua kichwa, akamtazama. Mwanahija naye akamtazama yeye. Kitufe kikabonyezwa.

* * *

Mkanda ulisafishwa siku ile ile ukaanikwa kwa vibanio vya nguo. Kesho yake, baada ya adhuhuri, Mwanahija aliingia ghalani kutoa picha zenyewe kwenye karatasi. Kazi hii ilikuwa na mwanga wa tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, kwa hiyo picha inapojitokeza kwenye dawa, unaiona. Nje Alawi alikuwa na saa yake, na Bi Mardhiya na kofia yake.

Alianza na ile ya kwanza. Ilitokea nzuri: binti wa watu, ametulia, vipuli vinaonekana, macho yanamtazama yeyote atakayeishika. Msichana yule angeweza kuwa mke wa mtu yeyote. Mwanahija aliiacha kidogo kwenye bakuli, akaitia karatasi ya pili.

Kwanza zilikuja nyusi. Kisha vipuli, kisha ukingo wa shavu uliowashwa na sinia, kisha mdomo ambao haukucheka wala kununa, umefunguka kidogo tu kama wa mtu aliyeitwa jina lake na anayempenda. Mwisho yakaja macho, nayo yalikuwa yametazama juu. Mwanahija alijiona, akaona haya mbele ya nafsi yake. Hakujua kwamba uso wake unaweza kusema mambo makubwa kiasi kile bila yeye kuutuma.

"Sasa," alisema Alawi nje.

Mwanahija hakuitoa. Picha zote mbili zilikuwa mbele yake kwenye bakuli moja, na karatasi zikizidi kukaa kwenye dawa hiyo huungua zikawa nyeusi. Akitoa ya kwanza, hakuna atakayelaumiwa. Itakwenda Pangani, itafika Mwanza, na hadi siku atakayochukuliwa atakuwa bado na Jumamosi zake na sauti ile mlangoni. Akitoa ya pili, mama yake ataiona. Na mama akikasirika, Alawi hatakanyaga tena nyumba ile. Mjomba Mtoro ataambiwa, harusi itaharakishwa, na hata ile "sasa" ataikosa. Aliogopa.

"Sasa, Mwanahija," alisema tena Alawi. "Itaungua."

Akaitoa ile ya pili, akaitia kwenye dawa ya kukazia. Ya kwanza aliiacha palepale, akaitazama ikiingia weusi polepole, vipuli, nyusi, na ule utulivu wote, mpaka ikawa nyeusi kama chungu cha jikoni. Kisha akaisuuza aliyoichagua, akavuta pumzi, akauondoa mkeka na kufungua mlango.

"Ndiyo hii?" aliuliza Bi Mardhiya.

"Ndiyo hii, mama. Ile nyingine imeungua."

Alawi aliinua kichwa haraka. Alijua Mwanahija hakuwa ameunguza karatasi kwa miezi mingi.

Bi Mardhiya aliishika picha kwa pembe zake, ikidondoka maji, kama alivyoona wanavyoshika. Alisogea penye mwanga wa mlango wa ua. Alikaa nayo muda.

"Mwanga huu ni wa sinia langu," alisema hatimaye. "Na mpigaji amepiga magoti. Naona gauni kwa chini." Aliigeuza kidogo kwenye mwanga. "Mnasoma picha mbele yangu mwaka mzima, mkadhani nashona tu."

Akaisogeza picha karibu na macho yake.

"Macho haya hayatazami kamera."

"Hayatazami, mama," alisema Mwanahija.

"Kosa langu, Bi Mardhiya," Alawi aliwahi. "Nilimwelekeza vibaya."

"Sikukuuliza wewe." Alimgeukia binti yake. "Yanatazama nini?"

Pale pale Mwanahija angeweza kusema jua lilimchoma, au ndege alipita, na mama kwa huruma yake angejifanya ameamini. Lakini alikuwa amechoka kusema maneno yasiyo yake.

"Nilikuwa namtazama yeye," alisema. "Sikukosea. Nilimtazama kwa kutaka."

Bi Mardhiya alikaa kwenye kigoda taratibu, picha bado mkononi. Akawaambia, si kwa ukali, kwamba yeye na marehemu walipigwa picha moja tu maishani, dukani, siku ya tatu ya harusi, na katika picha hiyo wote wawili wanamwogopa mpiga picha. Walipendana baadaye, alhamdulillahi, lakini uso kama huu yeye hakuwahi kujiona nao kwenye karatasi. Alisema huku akiifuta picha maji kwa pindo la kanga yake, kwa uangalifu, bila kugusa macho.

"Hii siwezi kuipeleka Pangani," alisema. "Mwana wa watu ataishika adhani ni yeye anayetazamwa hivi. Nitakuwa nimemdhulumu."

Mwanahija alihema, lakini mama alikuwa hajamaliza. Alimwambia Alawi kwamba kuanzia leo hakuna kusafisha picha nyumbani humo. Mzee Mosi na Pazi atawaeleza yeye mwenyewe, kwa heshima, maana hawakumkosea. Lakini mlango ule umefungwa, na yeye Alawi asionekane tena ukumbini na saa mkononi. Kama limekwisha kujulikana hili, haliwezi kukaliwa kitako kama halijulikani. Watu watasema, na watakuwa na haki ya kusema.

Alawi aliinamisha kichwa, akasema amesikia. Akaanza kukusanya vitu vyake, kamera, saa, chupa za dawa, kimoja kimoja. Mwanahija alimtazama akifunga mkoba. Ukweli wote umesemwa na yeye msichana, na huyu mwanamume anafunga mkoba.

Alawi alifika karibu na mlango wa nje, akageuka.

"Bi Mardhiya, naomba jambo moja," alisema. "Kama picha hiyo haiendi Pangani, nipe mimi."

"Sitoi," alijibu Bi Mardhiya. "Sura ya binti yangu haikai mfukoni mwa kijana asiye mumewe."

Mwanahija alifumba macho. Alijua kitakachofuata, Alawi atasema inshallah, atatoka, ataheshimu kila mtu mpaka siku ya kufa.

"Basi nimeomba kidogo kwa sababu ya woga," alisema Alawi, na Mwanahija akafumbua macho. Alawi alikuwa anamtazama Bi Mardhiya usoni, jasho likimtoka. "Karatasi siitaki. Namtaka Mwanahija, nimuoe. Kwetu unakujua, tunalima, hatuna maduka. Kazi ninayo na mikono ninayo. Na mwaka wote huu niliokaa mlangoni kwako, mama, nakuapia, sikuja kwa ajili ya picha."

Bi Mardhiya alimpima kwa macho kuanzia juu hadi chini.

"Maneno hayo hayaletwi na kijana amesimama na mkoba begani," alisema. "Kamlete baba yako. Aje mchana, avae kanzu, watu wawaone mkiingia. Simwahidi kitu. Mjomba wa Mwanahija ni mtu mgumu, na atanipigia kelele mpaka Pangani nzima isikie. Lakini Mtoro ni mdogo wangu mimi, nilimbeba mgongoni. Nitakabiliana naye."

Alawi aliinamisha kichwa kushukuru. Akamwangalia Mwanahija, moja kwa moja, bila kamera, mbele ya mama mtu. Kisha akatoka, karibu agonge kizingiti, akashika njia kama mtu anayekwenda kuzima moto.

Mwanahija alisimama mlangoni akimwangalia anavyokwenda. Machozi yalimshuka akayaacha yashuke, na hakuwa na moshi wa kuyasingizia. Halafu akatazama chini.

"Mama, amesahau makubadhi yake."

"Nimeyaona."

"Nimwite? Kaole si karibu, na mchanga wa saa hizi unaunguza."

"Mwache," alisema Bi Mardhiya. "Ukimwita atasimama, na akisimama ataanza kufikiri. Akiungua miguu atafika upesi."

Mwanahija akainama, akayaokota makubadhi ya Alawi, akayakung'uta vumbi. Akayaweka ndani ya nyumba, kando ya yale ya mama yake.